Elektroni za Gakwaya

"Waheshimiwa wageni, leo, hapa Kagugu, elektroni zitatii amri!" alitangaza Gakwaya kwenye maonyesho ya sayansi ya shule, na soksi yake ikanasa kwenye msumari wa meza.

Hakuthubutu kuinama. Ndani ya soksi hiyo, kidole gumba kilikuwa juu ya swichi ya betri, na mkuu wa shule, aliyesimama mstari wa mbele, alishamwonya: utani mmoja zaidi, unabeba godoro lako unakwenda kwenu.

"Hii ni grafini," aliendelea, akionyesha kipande cha selotepu kilichopakwa unga wa penseli. "Tabaka moja tu la atomi za kaboni. Chini ya leso hii iko sumaku. Sumaku ikiwa na nguvu, elektroni zinabaki kuzunguka palepale, hazitoki. Zinazopita ni zile za ukingoni tu. Ndiyo maana mshale huu unaruka, kama unapanda ngazi."

Kidole kikabonyeza. Mshale wa mita ya umeme ukaruka. Darasa zima likapiga makofi.

Jaji, mama mmoja mhadhiri wa fizikia, aliinua leso, akachungulia, akairudisha. "Iko vizuri. Rudia."

Mshale ukaruka.

"Tena."

Jasho lilikuwa limelowesha soksi. Huku msumari, kule mkuu. Mshale ukaruka.

"Mwanangu," jaji alisema kwa upole, akifungua kiganja, "sumaku ninayo mimi."

Mkuu akaanza kukunja mikono ya shati.

"Ni kidole, Madamu," alisema Gakwaya. "Cha mguu wa kulia."