Mabuti ya Gwakisa

Kwap. Kwap. Kwap. Mabuti yalisikika yakivuka ua, yakapanda kibaraza, yakasimama mlangoni.

"Gwakisa? Ingia, ukamue. Mfuko umejaa kama kiwele."

Mzee Anord akavuta blanketi, akajifunika uso mpaka utosini, akaacha tumbo tu wazi. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu atoke hospitali. Madaktari walikuwa wameukata utumbo mpana ulioharibika kwa vidonda, wakautoa utumbo mwembamba nje, upande wa kulia, umwage uchafu kwenye mfuko uliobandikwa.

Aliyeingia ni Yusta, amebana pumzi. Mabuti ya marehemu mumewe, Gwakisa, yalimpwaya na kumchubua visigino.

Gwakisa aligongwa na lori pale Iyunga, baba yake akiwa bado wodini. "Tukimwambia sasa, tutazika wawili," alisema Fanueli, mdogo wa mzee. "Apate nguvu kwanza." Fanueli mwenyewe alijaribu kubadilisha mfuko mara moja, akatapika kwenye beseni. Akabaki Yusta, ambaye nesi alimfundisha pamoja na mumewe.

Lakini Yusta alikuwa mkwe. Kwa Mnyakyusa wa kale kama huyu, mkwe na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hata njiani mmoja huchepuka. Yusta, binti wa Ipogolo kule Iringa, aliicheka mila hiyo alipoolewa. Sasa aliiogopa. Mzee akijua nani anamshika tumbo, atakufa kwa fedheha. Akijua kwa nini, atakufa kwa uchungu. Yusta alimshukuru Mungu kwamba mzee anauonea mfuko aibu, hata hathubutu kuutazama.

Akaubandua. Akaisafisha kwa maji ya uvuguvugu ngozi iliyoungua. Kinyama chekundu cha utumbo uliotokeza kikakoroma.

"Msikie huyo!" mzee akacheka chini ya blanketi. "Jumapili atamjibu mchungaji katikati ya sala. Ndiyo maana kanisani siendi."

Yusta akaikausha ngozi kwa kitambaa.

"Bado umeninunia? Nilisema heri nife kuliko kunya ubavuni, wewe ukasaini nikatwe. Tukagombana wodi nzima ikisikia." Akalivuta blanketi zaidi usoni. "Ulifanya vizuri. Ndaga, mwanangu. Asante."

Yusta akauma midomo. Neno hilo Gwakisa alilingoja mpaka anakufa.

"Na mkeo mwambie ale. Siku hizi jikoni sisikii sufuria, nasikia kilio tu."

Yusta akakata tundu la mfuko mpya kwa mkasi, akaubandika, akaukandamiza kwa kiganja ili upate joto ushike. Chozi likamponyoka, likadondoka juu ya tumbo la mzee. Akalifuta upesi kwa kanga. Mzee hakutikisika.

Akaokota beseni, akageukia mlango. Kwap.

"Mkwe wangu," mzee akaita, na blanketi likatetemeka. "Viatu vya marehemu vinakuchubua. Kesho njoo peku. Nakuahidi, uso nitaufunika vilevile."