Mkaja wa Sauda

Mjumbe wa upande wa bwana harusi aliweka sinia katikati ya jamvi. Juu yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa.

"Huu mkaja," alisema Bi Rehani, kungwi wa mtaa. "Wasichana wa leo hamjui. Ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua. Ndiyo maana binti akiolewa, tumbo lililombeba hupewa chake. Hata baba mtu hakigusi. Haya, nani alifungwa mkaja kwa mtoto huyu?"

Sauda, bi harusi, akamgeukia Bi Mwanakombo, aliyemlea tangu hajaota jino.

"Pokea, mama."

"Kuzaa si kazi, kazi kulea," jirani akadakia. "Chukua, shoga! Nani atakuuliza?"

"Mungu," alijibu Bi Mwanakombo.

Akainua sinia mwenyewe, akaenda nalo mpaka mlangoni, alikosimama mwanamke aliyemzaa Sauda akamwacha, na ambaye jana tu ndipo aliporudi mjini.

"Chako hiki, dada. Mimi sikufungwa."

Vigelegele vikapigwa. Bi Mwanakombo akatoka kwenda uani, akainama kuchochea moto wa pilau. Sauda akainuka jamvini, na bi harusi haruhusiwi kuinuka, akamfuata mbio, akamkumbatia kwa nyuma kwa nguvu, mikono ikiwa na hina mbichi.

Makungwi walipomrudisha ndani, Bi Mwanakombo alibaki amesimama penye moshi. Kangani, juu ya tumbo lake, vidole kumi vya hina vilikuwa vinakauka taratibu.