Tundu la Sauti

Nyamizi alizaliwa na kaakaa lililopasuka. Lilishonwa, lakini likabaki na tundu dogo.

"Linavujisha sauti tu, si chakula," daktari alimwambia mama yake, Kalunde, wodini, kati ya watoto wengine wenye matundu kama hilo. "La namna hiyo siku hizi hatulizibi. Kisemeo, hiki kifaa cha shingoni, kitaendelea kumsemea."

"Nimechoka kuongea na kisemeo, daktari. Namtaka mwanangu."

"Sheria ndiyo hiyo, mama."

Walipofika nyumbani, Kalunde, hasira zimemjaa, alimvua mtoto kile kidude. "Haya, niite mwenyewe."

Nyamizi akajaribu. Neno likapitia puani, likapotea. Akakichukua kisemeo mkononi mwa mama yake, akakivaa.

"Mama, usinivue tena sauti yangu," kikasema, kwa sauti nyororo ileile ya watoto wote wa kule wodini.