Firigisi ya Elikana

Watu wa maombi walikuwa wamekauka sauti, lakini bado waliizunguka maiti chumbani wakimwamuru Elikana ainuke. Mchungaji Obadia alikuwa amekataza jeneza lisiingie nyumbani humo. Alimwagiza pia Yulita, mjane wake, ampikie mumewe kila mlo, kwa kuwa mtu akifufuka huamka na njaa.

Yulita alitii. Alipika, akampakulia, akaifunika sahani kwa kawa, na chakula kilipochacha alikimwaga akapika kingine. Madirisha yote yalikuwa wazi, lakini harufu ya maiti haikutoka.

Mchungaji alimfuata mezani. "Mama, niambie ukweli mbele za Mungu. Una shaka?"

"Nimechoka, Baba Mchungaji."

"Basi wewe ndiye unayemzuia. Mwenzio yuko tayari kurudi, ila imani yako ndogo."

Akarudi chumbani, na kelele zikaanza upya.

Yulita hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mumewe akate roho, maana alikuwa amefunga kwa ajili yake. Alivuta kiti cha Elikana, akakaa, akafunua kawa. Juu ya wali ilikuwepo firigisi ya kuku, ile anayotengewa baba wa familia peke yake, ambayo katika ndoa yao yote hakuwahi hata kuionja.

Akaitia mdomoni.

"Elikana!" mchungaji alinguruma kule ndani. "Amka, chakula chako kinakungoja!"

Yulita alitafuna polepole. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeinua kawa juu ya sahani.