Chupa Thelathini za Maretadu

"Nani alikula dawa ya mwenzake?" Daktari Maximilian aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu watu thelathini waliobanana kwenye mabenchi ya kilabu cha pombe cha Tomaso walitazama sakafu.

Mezani palikuwa na majibu ya vipimo vya miezi sita. Kesho asubuhi wafadhili wa utafiti walikuwa wanafika kijijini Maretadu kuyaona, na majibu yenyewe yalikuwa aibu tupu. Watu kumi na tano walipewa vidonge vya dawa ya ini. Kumi na tano wengine walipewa vidonge vya unga wa mahindi, vilivyofanana na vile kama mapacha, kwenye chupa za aina moja. Sasa maini ya wote yalikuwa yamepungua mafuta na uvimbe, wa dawa na wa unga, sawasawa kabisa. Utafiti wa namna hiyo haufai hata kufungia maandazi. Wafadhili wangefunga mabegi yao, na uprofesa ambao Daktari aliufukuzia miaka tisa ungeishia hapo.

Kosa lisingeweza kuwa lake, hilo halina mjadala. Yeye ndiye aliyevichuja viini vya dawa ile kutoka kwenye majani na mizizi. Yeye ndiye mwenye digrii tatu. Kosa lilikuwa la hawa.

"Niliwaeleza kwa Kiswahili cha chekechea," alisema. "Kila mtu na chupa yake. Nusu dawa, nusu unga. Hata mimi nilikuwa sijui nani ana nini, ndivyo sayansi inavyokwenda. Sasa hapo kigumu kilikuwa nini?"

Bwana huyu hakuzoea kujibiwa. Tangu afike hakumwamkia mtu. Wazee wenye mvi walisimama wakisubiri shikamoo yao, naye akapita akiangalia simu, kitambi kikimtangulia, ungedhani kaja kukagua zizi. Justina, bibi wa miaka sabini aliyempikia, mwenyewe akiwa mmoja wa wale thelathini, alimwita Daktari. Daktari alimwita yeye "wewe mama." Uji wake aliuita maji ya kuoshea sufuria, kisha akaumaliza wote na kusogeza kikombe aongezewe.

Lawama kwake hazikuisha. Hata suruali zilipoanza kumlegea kiunoni, alisema ni kwa sababu chakula cha huku hakiliki.

Na kucheka watu alijua. Siku ya kwanza kijiji kizima kiliogopa mashine ya kupiga picha ya ini. Hermani, mtu anayekamata fahali kwa pembe, alikataa katakata kulala kitandani. Daktari alicheka mpaka machozi, halafu ikambidi avue shati na kulala yeye, ili waone kwamba haiumi. Nesi Fausta, aliyeajiriwa kumsaidia, alipitisha kifaa tumboni mwake, akatazama kioo, akasita.

"Daktari, naomba uangalie hapa kidogo."

"Futa hiyo picha," alisema, tayari anafunga vifungo. "Nimekuleta upake jeli, sikukuleta unifundishe. Ita mgonjwa wa kwanza."

Fausta alifuta. Kazi aliitaka.

Sasa Daktari alikuwa anatembea mbele ya mabenchi huku na huku, jasho linamtoka.

"Semeni tu. Mlichemsha mizizi ya bibi zenu mkanywa juu ya vidonge vyangu. Ninyi kila jani mkiliona ni dawa."

"Hapana," alisema Justina. Alisimama taratibu kwa sababu ya goti lake. "Mizizi hatukunywa. Tulizichanganya."

"Mlichanganya nini?"

"Hizo dawa zako. Kila mwezi ukishagawa chupa, tulikuwa tunakuja kwangu, tunamwaga zote kwenye beseni moja, tunakoroga, halafu tunagawana upya."

Daktari alimtazama Fausta, na Fausta hakuonyesha kushangaa, jambo lililomchoma zaidi. Kisha akacheka kicheko kibaya.

"Bila shaka," alisema. "Mnagawana tumbaku, mnagawana pombe, mkaona hata sayansi mgawane kama nyama ya msibani. Mliona huruma jirani asije akapata unga. Miaka tisa ya maisha yangu, wewe mama, imeliwa na huruma za kijinga za watu wasioweza kufuata sentensi moja. Kesho nitawaambia nini wageni? Kwamba nilikuja kupima dawa kwa watu wasiojua maana ya neno chako?"

Hermani alitaka kuinuka. Justina akamwekea mkono begani, naye akakaa.

"Tuligawa mafungu thelathini na moja," Justina alisema.

"Hata kuhesabu hamjui. Mko thelathini."

"Hilo moja nilikuwa nalisaga, natia kwenye uji wako kila asubuhi. Fausta alituambia ini lako ndilo baya kuliko yetu sote, na kwamba wewe husikii la mtu." Bibi alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Kunywa kila mtu chupa yake tungeweza, mwanangu. Ila hatukujua chupa ipi ina unga, na wewe tuliogopa usije ukapata unga."