Kasha Lililomsalimu Mama Mkwe

Kila nyumba yenye mgonjwa wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ina kasha la dawa ukutani. Asubuhi kasha huuliza hali, na jibu la kwanza linalosikika ndilo linaloamua kama mgonjwa bado anahitaji dawa.

Shaali alitoka bafuni akakuta taa ya kasha ni nyekundu. Mama yake, aliyefika jana kutoka Pangani, alikuwa amesimama mbele ya kasha.

"Mama, umelijibu?"

"Limenisalimu. Nikasema tu wazima, tunashukuru. Ulitaka ninyamaze kama sina adabu?"

Kasha lilikuwa limejifunga, na ndani yake vidonge vya mkewe, Mwanaidi, ambaye ni mwezi huu tu ameanza kula na kuoga bila kubembelezwa. Daktari aliwaonya wasivikatishe ghafla.

"Sasa litafunguka vipi?" mama aliuliza.

"Mwenyewe aseme anaumwa, sote tukisikia. Ikifika saa mbili hajasema, litamhesabu kapona."

"Mbele yangu mimi, mkwe? Hatathubutu, mwanangu."

Mwanaidi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Liambie ukweli, mke wangu," Shaali alisihi.

Mwanaidi alimtazama mkwewe, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama. Umelala salama?"

Alitabasamu. Shaali hakujua kama tabasamu lile lilikuwa la dawa au la heshima.