Jiwe la Kwanza la Fuko

Muhanga ndiye aliyetangulia kuchimba dhahabu kule porini, na ndiye aliyefungua duka la sururu. Shimo lake moja lilipotoa mawe matupu, akaamua kumuuzia Fuko, ambaye haoni.

"Mzee Muhanga, mimi nategemea kauli yako. Dhahabu imo?"

"Imo, mwanangu. Wewe chimba tu."

Fuko akanunua, akachimba, akapita pale Muhanga alipokata tamaa, akaipata. Akaja nayo dukani, mbele ya wachimbaji wote.

"Desturi yetu, jiwe la kwanza hupewa aliyekuambia kweli. Pokea, mzee."

Muhanga alishindwa kunyoosha mkono. Tangu hapo hutoka usiku tu, pua chini, na wanaomwona husema bado anatafuta dhahabu.